Shuka Katikati ya Runinga

Mutasim alikuwa hajavua kiatu cha pili pale mlangoni aliposikia anaitwa kutoka sebuleni.

"Shemeji! Umekuja kufa? Njoo, kaburi liko tayari!"

Mwitaji alikuwa Kutaiba, dereva wa teksi, kaka wa mkewe. Tuseme mkewe, maana nikahi ilishafungwa na karatasi zipo; ila harusi bado, na mpaka siku ya harusi Rufaida alikuwa binti wa kwao, hapo mji wa Zarqa, na Mutasim alikuwa mgeni wa kila Ijumaa. Mgeni wa namna yake. Angekuja na sanduku la vitamutamu, angelishwa mpaka mkanda umbane, kisha angeburutwa mbele ya runinga, akabidhiwe pedi ya gemu, na hapo angekaa mpaka kahawa ya kuagana. Mkewe angemwona tu akipita na sinia.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Ijumaa ya kwanza kabisa Kutaiba alimwonyesha mashine yake ya gemu kama mtu anayemwonyesha mgeni mtoto wake wa kwanza, akamuuliza, "Unalipenda hili gemu la ngome?" Mutasim, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika pedi, akajibu kama marehemu mama yake alivyomfunza kujibu katika nyumba za watu: "Nalipenda sana." Basi. Neno moja la adabu, na miezi mitano ya kifungo.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Baba Kutaiba, mzee mwenye masharubu mazito na mkono mwepesi wa kutoa, alimshika bega baada ya chakula akamwonyesha dari. "Hapo juu nitawajengea. Vyumba vitatu na jiko. Binti yangu hatoki kwangu, anapanda ngazi tu." Mutasim akasema, "Mungu akuzidishie, Ami." Maneno hayo, katika nyumba yoyote ya mji ule, si ndiyo wala si hapana, ni maneno ya kupokea ukarimu huku mtu anatafuta upenyo. Baba Kutaiba aliyachukua kama sahihi. Wiki iliyofuata nguzo zilikuwa zimeota juu ya paa.

Na leo mbao zilishapigwa, nondo zilishafungwa, lori la zege lilikuwa linakuja kesho asubuhi. Kondoo wa kuchinjwa zege likimwagwa alikuwa amefungwa kwenye reli ya ngazi, anatafuna maganda ya matango na kumtazama kila anayepita kama anayemdai maelezo. Zege likishamwagwa, hakuna mtu duniani anayelirudisha kwenye lori.

Si kwamba wale watu walikuwa wabaya. Hapo ndipo taabu ilipokuwa. Wangekuwa wabaya angepambana nao. Walikuwa watu wa kumjazia sahani kabla hajaimaliza, wa kumfuata mpaka mlango wa choo kumuuliza kama maji ya moto yanatoka. Mutasim alikuwa mtoto wa pekee, aliyekulia nyumba ya watu wawili. Kila alipokaa kwenye kochi lile alihisi kola ya shati inapungua. Hata hivyo angemeza. Angekaa juu ya vichwa vyao maisha yake yote, kama Rufaida ndivyo anavyotaka. Shida ni kwamba hakujua Rufaida anataka nini, na miezi mitano hakupata upenyo wa kumuuliza.

Simu? Wacha simu. Ujumbe wake wa kwanza kwa Rufaida ulisomwa kwa sauti jikoni, na Ijumaa iliyofuata Nawal, shangazi wa Rufaida, alimrudishia neno kwa neno, akiongeza na mapambo yake. Simu ya Rufaida katika nyumba ile ilikuwa kama mtungi wa maji: kila mwenye kiu aliushika.

Basi ilikuwa lazima leo, na kabla ya kahawa.

Walikula. Mama Kutaiba alipindua sufuria ya wali, nyama na biringani juu ya sinia, chakula kikasimama kama mnara, watu wakapiga makofi. Baba Kutaiba alikula upesi akapanda juu na fundi kukagua nondo. Mama Kutaiba akarudi jikoni. Kutaiba akafuta mikono, akapiga magoti mbele ya runinga, akaanza kutundika shuka.

Shuka lile lilikuwa na historia. Gemu lenyewe lilikuwa la kizamani, la watu wawili kwenye runinga moja. Kila mmoja ana ngome yake, wakata kuni wake, wachimba mawe wake. Anajenga, anafua panga, anatuma jeshi, na yote yanakwenda kwa pamoja, hakuna kusubiriana zamu. Runinga inagawanyika nusu kwa nusu, wewe kushoto, mwenzio kulia. Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, kwa sababu ni vita gani hiyo ambayo jicho likiteleza kidogo tu unaona jeshi la adui limejificha wapi? Kutaiba alishagombana na binamu zake wote, na mmoja mpaka leo hawasalimiani. Mwisho akachukua shuka la maua la mama yake, akalining'iniza kwenye ndoano ya dari, akalibandika katikati ya kioo cha runinga, akalivuta nyuma mpaka juu ya egemeo la kochi. Sebule ikawa vyumba viwili. Sheria: anayechungulia ameshindwa, na ataitwa mwizi mpaka Ijumaa nyingine. Kutaiba angeweza kumdanganya askari wa barabarani bila kupepesa, lakini shuka hakuwahi kulichungulia hata mara moja. Shuka lilikuwa dini.

"Leo nitakuonea huruma, shemeji," alisema kutoka upande wake, akikaa kwa kishindo. "Leta mshauri ukitaka. Leta wawili. Leta na kondoo."

Rufaida alikuwa ndiyo kwanza anaingia na chai ya majani ya mlimani.

"Wallahi?" aliuliza Mutasim. "Nipe mshauri, basi. Rufaida akae upande wangu."

Kutaiba alikuwa na kazi moja kila Ijumaa aliyopewa na baba yake: asiwaache wawili hao peke yao. Akapiga hesabu kati ya heshima mbili. Lakini wote walikuwa chumba kimoja, siyo? Na neno alishalitoa.

"Mchukue," alisema. "Huyo hata kuchemsha yai hupasua. Shangazi, wewe kaa kwangu uwe shahidi."

Shangazi Nawal hakuhitaji kuombwa. Upande wa Kutaiba ndiko kulikokuwa na dirisha la barabarani, na shangazi Nawal hakuwa mtu wa kukaa mbali na dirisha. Alijipanga pale na bakuli la mbegu za alizeti, jicho moja mtaani, moja vitani.

Rufaida alikaa chini juu ya mto, magoti kifuani, karibu kiasi kwamba Mutasim alisikia harufu ya sabuni na ya vitunguu vya kukaanga. Miezi mitano hawajawahi kukaa karibu hivyo. Gemu likaanza. Wakata kuni wadogo wakatoka ngomeni wakaanza kazi: tok, tok, tok.

"Rufaida," alinong'ona.

"Mnasemaje huko?" Sauti ya Kutaiba ilivuka shuka papo hapo.

"Namuuliza kuni ziko wapi."

"Ziko kona ya juu, kipofu wewe."

Tok, tok, tok. Shangazi alitema ganda la mbegu, wakalisikia lilivyotua. Shuka lilizuia macho. Masikio halikuyazuia hata kidogo. Mutasim alikuwa na mkewe pembeni, sentimita chache tu, na hakuweza kusema naye zaidi ya alivyoweza akiwa kazini kiwandani, mji mwingine wa Sahab, kichwa kimezama ndani ya majokofu ya maziwa anayoyatengeneza. Jasho likamtoka.

Kutaiba akatuma wapelelezi wake watatu kujaribu lango. Ngoma za vita zikalia, panga zikagongana, mtu akapiga mayowe, runinga nzee ikatetemeka juu ya meza. Rufaida aliinua uso akamtazama, kisha akaitazama runinga, kisha akamtazama tena. Na Mutasim akaelewa.

Makelele. Kwenye makelele mtu anaweza kusema.

Alikusanya wapanda farasi kumi, kazi iliyomchukua muda kwa sababu mshale wa kuwaamrisha ulio kwenye runinga unasukumwa kwa kijiti kidogo chini ya kidole gumba, na kidole gumba chake, kilichozoea kukaza skrubu, kiliusukuma kama anayehamisha kabati. Akawatuma moja kwa moja kwenye lango la Kutaiba. Ngoma! Farasi wakalia, mishale ikanyesha.

"Unataka kukaa hapo juu?" aliuliza haraka.

"Nini?"

"Hapo juu! Unataka ku..." Farasi wa mwisho akaanguka. Kimya kikarudi katikati ya neno. "...unataka maji?" alimalizia Mutasim kwa sauti ya kawaida.

"Asante, sina kiu," Rufaida alisema, midomo ameiuma.

"Masikini, wanapeana maji," alisema shangazi Nawal. "Farasi wote wamekufa, wao wanapeana maji."

"Shemeji, hao farasi uliwatuma kunisalimia?" Kutaiba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mbona hata ngazi hawakubeba?"

Wapanda farasi kumi kwa nusu ya swali. Mutasim alikata kuni zaidi, akachimba mawe zaidi, akafua panga. Juu ya dari nyundo ya fundi iligonga mara mbili tatu. Alituma kundi la pili, la waenda kwa miguu, mashariki mwa ukuta.

Ngoma.

"Nimekusikia," Rufaida alisema upesi, mdomo karibu na bega lake. "Wewe je, unataka?"

"Nataka unachotaka wewe."

"Hilo si jibu! Hilo ni jibu la mgeni! Mimi nakuuliza kama—"

Kimya. Kundi lote lilikuwa limelala chini. Rufaida aliinamisha kichwa akaanza kukunja na kukunjua pindo la shuka. Alikuwa amekasirika, na Mutasim hakuweza kumwomba radhi, kwa sababu radhi nayo ingehitaji askari.

"Haya, nimechoka kukungoja," alisema Kutaiba. "Nakuja mwenyewe."

Akaja. Askari wake wakatokea kutoka kila upande wa msitu, weusi, wamepangana, na manati sita nyuma yao. Mutasim aliwaita watu wake ndani, akafunga malango yote manne. Alishukuru kimoyomoyo. Kuzingirwa maana yake ni mawe kurushwa, kuta kubomoka, ghasia za kutosha kusoma hotuba nzima. Alimgeukia Rufaida, akavuta pumzi.

Hakuna kilichorushwa. Jeshi la Kutaiba lilijipanga kuizunguka ngome pande zote, likasimama. Kimya.

"Mbona hupigi?" aliuliza Mutasim.

"Nikupigie nini? Kuni huna, shamba liko nje, mawe yako nje. Mimi nimekaa tu, nakunywa chai." Wakasikia anakunywa, kwa sauti, makusudi. "Nitakukalia hapo mpaka mle panya."

"Mwanangu ana subira," alisema shangazi. "Angekuwa nayo hivyo kutafuta mke, saa hizi ningekuwa nabeba wajukuu."

"Shangazi, tupo vitani."

Mutasim alitazama nusu yake ya runinga. Vijitu vyake vilikuwa vinazunguka uani, kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, vinagongana. Alipotaka kuviambia vitoke, hapakuwa na pa kutokea. Alipotaka kuviambia vikae, vilikuwa vinapungukiwa na chakula. Chai imepoa pembeni yake. Juu nyundo ilinyamaza. Mtu aliburuta ndoo. Kutoka jikoni Mama Kutaiba akapaza sauti: "Kahawa naiweka motoni! Mwambieni baba yenu ashuke!"

Kahawa, kisha kuagana, kisha usiku, kisha lori. Mutasim angeamka keshokutwa ana nyumba ya vyumba vitatu na jiko juu ya kichwa cha Kutaiba, na jambo hili hawangeliuliza tena mpaka wazeeke.

"Fungua lango," alisema Rufaida kwa sauti, wazi kabisa, kama mshauri.

"Lipi?"

"Yote."

"Msikilize, shemeji!" Kutaiba alipiga paja. "Anakuua kwa hisani!"

Mutasim alifungua malango. Alitaka kuwaita askari waliobaki uani, si zaidi ya thelathini. Lakini kwenye pedi kuna kitufe ambacho ukikigusa kinakusanya askari walio karibu, na ukikishikilia kinakusanya kila chenye uhai ulicho nacho. Kila anayejifunza gemu hili hukishikilia mara moja katika maisha yake, kisha hujifunza. Kidole chake kilikuwa na jasho na haraka. Kikashikilia. Na wote wakaitika: walinzi wakashuka kuta, wapiga mishale wakaacha minara, wakata kuni na mashoka yao, wachimba mawe, hata wanawake wa kuteka maji. Ngome nzima ikamwagika nje kwa malango manne, ikipiga kelele.

Runinga haijawahi kulia vile. Mama Kutaiba aligonga ukuta wa jikoni.

"Sitaki," alisema Rufaida. Alikuwa amemshika kiwiko. "Nisikilize, usinikatize. Tangu nizaliwe sijawahi kufunga mlango nikabaki ndani peke yangu. Hata nikioga mtu atabisha kuuliza chumvi iko wapi. Nawapenda mpaka naumwa, unaelewa? Umeelewa? Nikipanda juu watapanda na mimi. Nataka kwenda Sahab, hata iwe chumba kimoja."

"Basi tutakwenda."

"Lakini usimwambie baba kwamba ni mimi. Akijua ni mimi hatakasirika. Atalia. Na akilia nitakaa."

"Nitasema ni mimi."

"Watakuita asiye na shukrani."

"Waniite."

"Hujawahi kumwona akilia," alisema Rufaida, na hapo ghasia zikakatika. Mteka maji wa mwisho alikuwa amesimama peke yake uwanjani, ndoo mkononi. Kisha naye hakuwepo. Nusu ya kushoto ya runinga ikawa nyeusi.

Kutaiba alinguruma. Alipiga magoti, akabusu zulia, akainuka akacheza. Shangazi Nawal akapiga vigelegele mpaka dereva mmoja mtaani akapiga honi kujibu. "Wateka maji! Amewatuma wateka maji! Shemeji, wallahi nitalisimulia hili kituo cha teksi mpaka nife!"

Baba Kutaiba aliingia katikati ya shangwe hiyo, vumbi la saruji masharubuni, anatabasamu kabla hajajua sababu. "Kashinda nani?"

"Uliza kafa nani!" alisema Kutaiba.

Wakakaa. Shuka lilibaki limening'inia, kila mtu kajipenyeza upande aliokuta nafasi; mzee upande wa Mutasim, Kutaiba amesukuma kichwa chini ya shuka kama mtu aliye dirishani. Mama Kutaiba akaja akafuta mikono kwenye aproni. Rufaida, aliyekuwa amekimbilia jikoni, aliingia na birika la kahawa chungu na vikombe vidogo visivyo na vishikio, akamimina kwanza kwa baba yake, kisha kwa mumewe.

"Kesho uje mapema," Baba Kutaiba alimwambia Mutasim. "Nataka uwe wa kwanza kukanyaga zege lako."

"Ami," alisema Mutasim. "Mimi sitakaa hapo juu."

Walimtazama. Kisha Kutaiba akapasuka kwa kicheko.

"Kanuna! Baba, kapigwa, kanuna! Anahama nchi!"

"Gemu tu, mwanangu," Mama Kutaiba alisema kwa huruma. "Huyu naye hajui kumwachia mgeni ashinde. Kutaiba, mchezee tena, umwachie."

"Nyumba anaisusa kwa sababu ya wateka maji," alisema shangazi Nawal, machozi yakimtoka kwa kucheka.

Hata Baba Kutaiba alicheka, akimpiga Mutasim mgongoni kwa kiganja kizito. Mutasim alisema tena, "Ami, nasema kweli," na sauti yake ikazama katika vicheko kama jiwe kwenye pipa la maziwa. Alijaribu mara ya tatu. Kutaiba alikuwa tayari anamnyooshea pedi: "Shika, shemeji, shika, usilie." Wote walikuwa wanamtazama kwa mapenzi. Mapenzi yale yalimkaba. Nje ya kochi hapakuwa na nafasi, ndani ya kochi hapakuwa na hewa.

Basi akafanya jambo ambalo hakulipanga. Akaichukua kahawa yake, haijaguswa, akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti ya Baba Kutaiba.

Vicheko vilikatika kimoja baada ya kingine. Cha shangazi kilikuwa cha mwisho. Kila mtu mle ndani alishaona kikombe kikiwekwa chini hivyo, siku wazee walipokuja kumposa Rufaida: mwenye haja haonji kahawa ya mwenye nyumba mpaka haja yake ijibiwe. Watu hufanya hivyo kwa ajili ya kuposa, na kwa ajili ya kusuluhisha damu iliyomwagika. Hakuna anayefanya hivyo kwa ajili ya gemu.

"Inua kikombe, mwanangu," Mama Kutaiba alinong'ona.

Mutasim hakuinua. Mikono aliibana katikati ya magoti.

Baba Kutaiba naye alikiweka chake chini. Kwa hiyo sasa hakuna aliyeweza kunywa, na hakuna aliyeweza kuondoka. Nyumba nzima imesimama pale, mvuke wa kahawa unapungua. Kondoo alilia nje.

"Nimekukosea nini?" aliuliza mzee.

"Hujanikosea, Ami. Umenipa mengi kuliko baba yangu. Naomba uniruhusu nimchukue mke wangu tukaishi Sahab, karibu na kazi. Vyumba viwili. Nimeshaviona."

"Haya maneno ni yako, au ni ya binti yangu?"

Mutasim alitazama kikombe. Kuapa uongo hakuweza, na ahadi alishaitoa. "Kikombe kilichoko chini ni changu, Ami," alisema.

Mzee akamgeukia Rufaida, aliyesimama na birika.

"Na wewe unasemaje?"

Mutasim aliona jinsi macho ya wote yalivyomwangukia, akajua kwamba hapo ndipo Rufaida angevunjika.

"Mimi naenda anakokwenda mume wangu, baba," alisema.

Ni maneno ambayo kila mwanamke wa mtaa ule ameyasema, wengine kwa furaha na wengine kwa machozi, na hakuna baba anayeweza kuyapinga bila kujiaibisha. Masharubu ya Baba Kutaiba yalitikisika. Mutasim alidhani sasa ndipo atalia. Hakulia. Alikohoa vumbi, akajifuta uso kwa kiganja kuanzia kwenye paji mpaka kidevuni.

"Kunywa kahawa yako," alisema.

Mama Kutaiba akatoa pumzi kama aliyepanda ngazi kumi. Mutasim aliinua kikombe, akanywa. Ilikuwa baridi, na chungu kama dawa.

"Na zege?" aliuliza Kutaiba kutoka chini ya shuka. "Lori la kesho tulizuie?"

"Nilizuie kwa nini?" Mzee alikuwa anainuka, mkono kwenye goti. Kikombe chake kilibaki chini vilevile. "Wa kukaa juu yupo. Tena wewe hutoki kwenda popote."

Kutaiba alitazama kulia na kushoto, kichwa peke yake, maua ya shuka yamemzunguka shingoni. "Mimi? Mimi nani kasema naoa?"

"Binti wa muuza vitambaa," alisema shangazi Nawal papo hapo, akisogeza bakuli la mbegu. "Au yule mwalimu wa hesabu, mwenye miguu minene."

"Mama!"

"Mwalimu ni mzuri," alisema Mama Kutaiba, akiwaza. "Atakunyoosha."

"Jamani, tulikuwa tunacheza gemu!"

Sebule ikajaa sauti. Mlango wa ngazi ulifungwa, na kati ya majina ya wasichana Mutasim alisikia viatu vizito vya mzee vinapanda, kisha vinatembea juu ya dari, polepole, kati ya nguzo na nguzo. Rufaida alikuwa amesimama mbele yake na birika. Kikombe usipokitikisa, mwenye birika anaendelea kumimina. Mutasim hakukitikisa. Akamiminiwa, akanywa, akamiminiwa tena.

Rufaida hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama dari, akizifuata zile nyayo kwa macho.

"Sasa yuko chumbani," alisema taratibu. Hakuna mwingine aliyemsikia; makelele yalitosha. Nyayo zikageuka, zikaenda mpaka upande wa barabarani, zikasimama hapo.

"Hilo lilikuwa liwe jiko langu," alisema, akamimina tena.